Meno ya Ng'ambo

Mimi huchonga meno.
Ukishuka treni Gevgeliya, pita duka la komamanga,
pita kasino yenye mitende ya plastiki,
utaona kibao changu: taya jekundu, namba ya simu,
na chini yake Kigiriki, herufi kubwa kuliko zetu.
Jumamosi wanakuja kwa magari.
Wanajaza mafuta, wanajaza mapengo,
wananunua sigara na jibini, giza haliwakuti huku.
Kwetu ni nusu bei. Mpaka ni kilomita tatu.

Bibi yangu aliitwa Dosta,
yaani Yatosha:
binti wa sita wa baba aliyeomba mvulana.
Haikutosha. Mwaka wa pili akaja Fana.

Mwaka wa arobaini na nane, usiku, vita vikiwaka kisogoni,
Dosta alivuka na mayai ya nondo wa hariri
ndani ya kitambaa, kati ya matiti,
kwa kuwa mayai yale hutaka joto la mtu.
Fana alibaki na mbuzi.
"Wiki moja tu," waliambiwa.

Mayai yakaanguliwa upande huu.
Mama yangu alikulia chumba kimoja na viwavi
wakitafuna majani ya mforosadi usiku kucha,
sauti ya manyunyu juu ya bati.
Hata uzeeni, mvua ikianza,
aliamka akitafuta kikapu.

Nyumba yetu haijahama hata hatua.
Iliyohama ni mihuri. Ndani ya kopo la biskuti
mna hati ya ufalme, hati ya shirikisho,
hati ya jamhuri, na ya jamhuri hiyo hiyo
baada ya kurefushwa jina.
Mto nao: huku ni Vardar,
ukipita mnara wa askari ni Aksios,
na hakuna anayeuomba pasipoti.

Kiangazi kile watu walipanda kinyume cha maji,
wakifuata reli, watoto mabegani.
Dosta, miaka tisini na ushee, akakokota ndoo hadi kituoni.
Kila aliyekunywa alimuuliza, kwa lugha yetu,
"Umemwacha nani?"
Hakuna aliyeelewa.
Wote walimjibu.

Fana aliandika mara mbili, kwa Kigiriki,
ambacho Dosta hakukisoma. Lugha yao
ilikuwa marufuku kule, hata jikoni;
mwalimu aliweka pilipili kwenye ulimi.
Barua ya tatu haikuja. Dosta naye tumemzika.

Novemba iliyopita mjukuu mmoja alimleta bibi yake.
Kitambulisho kilisema Theopisti, miaka themanini na saba.
Hakusema neno. Alifungua kinywa kama mtu
anayefungua begi mbele ya afisa wa forodha.
Nikasukuma kibao cha nta, kikagusa kidonda cha ufizi,
na akasema, "Lele, male."

Hicho si Kigiriki.
Hicho ni Dosta akiunguzwa na chungu.

Mjukuu alikuwa kwenye simu yake.
Bibi akaziba mdomo kwa viganja viwili,
akatazama mlango. Miaka themanini,
na bado alitazama mlango.

Ulimi hauna mfupa;
labda ndiyo maana hawakuweza kuuvunja.

Nikainama, nikamuuliza kama Dosta angeuliza,
taratibu, bila kusogeza midomo sana: yauma?
Akatikisa kichwa kwamba hapana.
Kisha, kimya kimya, kwamba ndiyo.

Wiki ya pili meno yalimkaa vizuri.
Mjukuu akalipa, akapewa risiti,
akauliza njia ya kwenda kwenye komamanga za bei poa.

Taya lake la plasta ninalo rafuni,
kati ya la polisi wa mpakani na la muuza tikiti wa kituo.
Kila moja lina jina chini yake, kwa penseli.
Lake niliandika la kwenye risiti, nikalifuta.
La nyumbani sikuliuliza.
Hapo pa jina
pana pengo.